Mwaka wa Trekta la Uma

Mwezi uliopita tulimzika Maganga pale Kongwa, nami nikafanya kazi yangu ya utani kama inavyotakiwa. Wachimba kaburi walipomaliza, nilikwenda nikaketi juu ya lundo la udongo na magoti yangu haya mabovu, nikasema siondoki. Nikawatangazia waombolezaji kwamba Mnyamwezi huyu hazikwi mpaka atwishwe mzigo kichwani, maana babu zake wapagazi huko aendako watamkana wakimwona anafika mikono mitupu. Waliokuwa wakilia wakacheka, waliokuwa wakicheka wakalia tena, na mwanawe mkubwa akaniletea kuku ili niinuke. Niliinuka. Mimi ni Mgogo, yeye alikuwa Mnyamwezi, na kati ya makabila yetu mtani ana ruhusa yake hata mbele ya maiti. Jioni mjukuu wake mmoja, msichana anayesoma chuo, alikuja kukaa karibu nami mkekani. "Shikamoo bibi," akasema. "Hivi wewe na babu mlijuana wapi?" Nikamwambia tulijuana jikoni, halafu kwenye trekta, tukihamisha nyasi. Akacheka, akidhani bado nafanya utani. Nimeona basi niuandike mwaka ule, kwa sababu ndio nilioufurahia kuliko yote, na wa kunisahihisha sasa hayupo.

Nilikuwa na miaka ishirini, mpishi wa kambi katika shamba kubwa la ng'ombe nje kidogo ya Kongwa. Mradi wa karanga ulikuwa umeshawashinda Waingereza, ardhi ikabaki imefyekwa, nyasi zikaota palipokuwa na vichaka, na mtu fulani akaona heri kufuga. Jiko langu lilikuwa banda la mabati lililoachwa na watu wa karanga, jeusi kwa moshi mpaka juu, lenye meza moja ndefu iliyoungwa kwa mbao za masanduku ya mashine. Madereva na wachungaji walikula hapo: ugali wa uwele, mlenda wa kuvutika, maziwa ya mgando, na nyama siku ambayo ng'ombe amevunjika mguu. Upande wa pili wa ukuta kilikuwa chumba cha kulia cha meneja, na katikati ya ukuta kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Kidirisha hicho ndicho kilichonisomesha, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukifunga. Meneja mwenyewe alikuwa Mwingereza mgeni, kijana bado, mwenye kofia pana na tabia ya kupiga miluzi tangu anapoamka. Tulimwita Bwana Miluzi, na alilijua jina hilo wala hakuchukia. Ukiwa mbali alikupigia mluzi, ukageuka, akakupigia kelele kukuambia la kufanya. Kiswahili chake kilikuwa kile cha amri tupu, lakini hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema ili nisionekane namsengenya.

Maganga alikuja kuendesha trekta, mrefu, mweusi, shati limepigwa pasi utafikiri anakwenda kanisani. Siku ya kwanza aliketi kwenye ile meza ndefu, akachovya tonge, akainua mkono, na mlenda ukamfuata mpaka juu. Akautazama kwa muda. "Mtani," akaniambia, "hiki chakula nakimeza mimi, au kinanimeza chenyewe?" Meza nzima ikaangua kicheko. Nikamjibu kwamba asiogope, babu zake walipopita Ugogo na pembe za ndovu za watu vichwani waliula huohuo, wakapata nguvu za kufika pwani. Tangu hapo hatukuwahi kusemezana neno la heshima. Najua vijana wa leo wanaona utani ni matusi yaliyopewa kibali. Mimi nilijifunza mwaka ule kwamba ni njia ya kumwambia mtu ukweli bila kumwudhi, na katika kazi za hatari njia hiyo ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kazi ya hatari yenyewe ilianza na nyasi. Mvua zilipokwisha nyasi zilikatwa, zikakaushwa, mashine ikazifunga marobota, na wanaume wakayabeba marobota hayo mabegani kuyapeleka bandani, moja moja, siku nenda siku rudi. Walikuja kula shingo zimechubuka, kupe wametapakaa kwenye mashati, wakijikuna mpaka wanakera kutazamwa. Bwana Miluzi akaamua trekta moja lifungiwe uma: mikono miwili ya chuma mbele, yenye meno marefu ya kuingia chini ya marobota, kuyanyanyua mengi kwa pamoja na kuyapanga hadi juu. Uma ungetengenezwa Dodoma mjini, katika gereji ya Fundi Manji, Mhindi mnene mpole aliyejua chuma kama mimi ninavyojua chumvi. Swali lilikuwa ufungwe kwenye trekta lipi. Uwanjani yalikuwepo matatu yaliyobaki kutoka enzi za karanga. La kwanza lilikuwa la minyororo, lenye nguvu za kung'oa visiki, lakini lilitembea polepole na kuivuruga ardhi kila lilipogeuka. La pili lilikuwa jepesi, magurudumu yake mawili ya mbele yamebanana katikati kama mguu mmoja, linageuka mahali padogo sana. La tatu lilikuwa zito nyuma, magurudumu ya mbele yameachana kwa upana, na halikuwa na sifa nyingine ya kuonekana kwa macho.

Bwana Miluzi alilipenda lile la pili. Nilimsikia kwa kidirisha, Fundi Manji alipokuja kula naye mchana. "Hii nageuka upesi ndani ya banda," alisema. "Hii nachukua." Fundi akatafuna, kisha nikasikia jina langu. "Damari, mama, leta kigoda chako. Na sinia, na vikombe juu yake." Nikapeleka kigoda changu cha miguu mitatu, kile nilichokalia kuchambua mboga. Akakiweka mezani mbele ya meneja, akaliweka sinia juu yake, akaongeza kitabu kizito chini ya vikombe ili vikae juu zaidi. Kisha akagusa ukingo wa sinia kwa kidole kimoja, pale katikati ya mguu na mguu. Kigoda kikapinduka, vikombe vitatu vikavunjika sakafuni. "Fundi!" nikapiga kelele, nikisahau niko mbele ya nani. "Vikombe hivyo naulizwa mimi!" Akaniambia bila kugeuka, "Sema Manji amevunja. Leo vikombe, mama. Na trekta ile, siku moja atavunjika Maganga." Meneja akavitazama vile vigae kwa muda mrefu, na hakupiga mluzi. Halafu Fundi akauliza tena, "Damari, mama mwenye mimba anasimama namna gani?" Nikasimama, tumbo mbele, mgongo nimeurudisha nyuma. "Umeona, Bwana? Akibeba mbele, nazidisha nyuma." Kwa kidirisha nikamsikia Maganga jikoni akicheka, "Mtani, mbona umeiweza sana hiyo?" Basi likachaguliwa lile la tatu. Magurudumu yake ya nyuma yakajazwa maji ndani, na nyuma kabisa likafungiwa sanduku la chuma lililojaa mawe.

Uma ulipofungwa, Fundi Manji alikaa kwetu siku mbili kuwafundisha, na masomo yalifanyika kwenye meza yangu baada ya kula, kwa kutumia mabakuli na mwiko. Ukitembea na mzigo, uma ukae chini, usawa wa goti. Mzigo unainuliwa ukiwa umeshafika, na trekta limesimama mahali sawa. Usikate kona haraka. Kwenye mlima panda ukielekea mbele, na kushuka ushuke kinyumenyume, ili mzigo ubaki upande wa juu. Mtu asipite chini ya uma ulioinuliwa, hata akiwa na haraka ya kwenda chooni. Mtu asipande juu ya marobota. Ukizima trekta, uma ulale chini kabisa kama mbwa. Maganga alikuwa akirudia kila neno huku macho ameyafumba, na baadaye nikamsikia akiyarudia peke yake akinawa mikono. Alilipenda trekta lile. Alinieleza kwamba huko kwao babu yake alisifiwa kwa kubeba mzigo wa watu wawili, na yeye sasa anabeba wa watu ishirini ameketi, na laiti babu angemwona. Aliposema hivyo hakuwa akitania, na mimi kwa mara ya kwanza sikumrushia neno.

Kulikuwa na tatizo moja nasi hatukulijua. Mluzi wa meneja haukusikika kwenye ngurumo za trekta, kwa hiyo akaanza kutumia mikono. Alipotaka Maganga aje, alinyosha kiganja juu na kukunja kidole kimoja, kukunja, kukunja. Maganga alimtazama, akageuza uso, akaendelea na kazi. Jioni nikamsikia meneja kwa kidirisha akimlalamikia nyapara wetu, Mzee Chilewa: "Huyu Maganga mjeuri. Naita, hapana kuja." Mzee Chilewa akajibu, "Ndiyo, Bwana," kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila kitu. Nilipomuuliza Maganga, uso ulimbadilika. "Mtani, yule bwana ananidharau," akasema, akasukuma sahani, na siku hiyo hakumaliza ugali.

Halafu ikaja ile asubuhi kwenye mlango wa banda. Nilikuwa nimepeleka uji kwa wapangaji wa marobota, nikasimama na debe langu pembeni. Maganga alikuwa amesimamisha trekta na kuinua mzigo juu kabisa, lakini rundo lilikuwa limeshajaa, na marobota yale yalipaswa kushushwa yapelekwe kwingine. Bwana Miluzi alikuwa mbele yake, ng'ambo ya mtaro wa maji ya mvua. Akanyosha mkono, kiganja kikitazama chini, akapunga vidole chini, chini, chini. Nikaona Maganga anasita. Akautazama mzigo juu, akamtazama meneja, akaanza kuja taratibu. Meneja akashtuka, akapunga kwa nguvu zaidi. Maganga akaongeza mwendo. Meneja sasa akapunga kwa mikono miwili huku akiruka, naye Maganga, maskini, akaja mbio. Gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Trekta lote likalala upande, gurudumu kubwa la nyuma likaachana na ardhi, nikaona anga chini yake. Debe la uji likanitoka. Nilidhani namtazama mtani wangu akifa. Kisha sanduku la mawe la Fundi Manji likalivuta trekta, likarudi chini kwa kishindo, na marobota manne yakaporomoka. Moja liliangukia pale pale aliposimama meneja. Yeye alikuwa amesharuka, lakini kofia yake haikuwahi.

"Mimi nasema shusha!" alipiga kelele, uso mwekundu, nywele zimesimama. "Shusha! Shusha!"

Maganga alikuwa ameshikilia usukani kwa mikono miwili. "Umeniita, Bwana," akasema.

"Kesho asubuhi wewe toka hapa. Kwisha."

Mchana ule hakuna aliyetania mezani kwangu. Maganga hakuja kabisa. Alikuwa chumbani kwake akifunga mzigo wake. Nilikuwa nikiosha sufuria na kuurudia mkono wa meneja kichwani, vidole chini, chini, ndipo nikajikuta naufanya mwenyewe, na mama mmoja muuza maziwa aliyekuwa akipumzika nje ya mlango akanyanyuka akaja. "Unasemaje?" akaniuliza. Nilibaki nimeduwaa na povu mikononi. Mama huyo aliniuliza tena kama naumwa. Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyoitwa. Nimeitwa hivyo tangu najua kutembea, na nimewaita wengine hivyo, wala sikuwahi kufikiri kwamba yupo mtu duniani ambaye mkono wake unasema kitu kingine.

Asubuhi meneja alikaa kwenye baraza ya ofisi yake, Maganga amesimama chini ya ngazi na kifurushi chake, Mzee Chilewa kando. Mimi nilipeleka chai. Mpishi hana maneno barazani, na nilijua vizuri kwamba nikifungua mdomo naweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo na kifurushi changu. Lakini nilimwona Maganga anatazama uwanjani, kule lilikosimama trekta, uma wake umelala chini kama alivyofundishwa, na nikaona kwamba akiondoka hivi ataamini mpaka kufa kuwa aliharibu yeye. "Bwana," nikasema, "naomba unionyeshe mkono wa jana. Ule wa kushusha. Uelekeze kule uwanjani." Nafikiri alinitii kwa mshangao tu. Akanyosha mkono, akapunga vidole. Petro, mchota maji, aliyekuwa kwenye tangi hatua hamsini kutoka pale, akatua ndoo akaja akikimbia. "Naam, Bwana!"

"Sikuita wewe," alisema meneja.

"Umeniita, Bwana," alisema Petro.

Meneja akanitazama. Nikamwambia, "Rudia tena, Bwana." Akarudia, polepole, akiutazama mkono wake. Mtu mmoja aliyekuwa akitengeneza uzio akaacha nyundo akaja. Mchungaji akaja na fimbo yake. Yule mama muuza maziwa, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia getini na kibuyu kichwani, akapinda njia akaja moja kwa moja mpaka kwenye ngazi, akatusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" akatua kibuyu na kungoja aambiwe alichoitiwa. Hapo Mzee Chilewa, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akaanza kutikisika mabega. Meneja alikitazama kiganja chake juu na chini kana kwamba amekabidhiwa mkono wa mtu mwingine. Kisha akacheka naye, akacheka mpaka chai ikamwagika sahanini.

Nilipoona anacheka nikamalizia yote. "Na ile ya kidole, Bwana, kile unachokunja. Hiyo sisi tunaitia mbwa." Kicheko kikakatika. Maganga akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilidhani Bwana ananitukana." Meneja akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaniuliza mimi, si nyapara, "Basi huyu hapana mjeuri?"

"Mjeuri ni mjeuri, Bwana, huyu Mnyamwezi," nikajibu. "Lakini jana alikutii."

Maganga alirudisha kifurushi chake chumbani. Alipopita mlangoni kwangu alisimama, na nikadhani atanishukuru. "Mtani," akasema, "sikujua kwamba Mgogo mfuga ng'ombe anaweza kutetea kitu kisicho na pembe." Halafu akaketi kwenye ile meza, akadai mlenda, akala sahani mbili, na alipokuwa akila nikaona macho yake yamejaa machozi. Nami nililia, nikasingizia moshi.

Ishara mpya tulizipanga siku hiyohiyo mezani, sote pamoja, na meneja akaketi nasi kwenye benchi kwa mara ya kwanza, magoti yamemfika kidevuni. Kuinua iwe ngumi mbili zikienda juu. Kushusha, ngumi mbili kutoka kifuani mpaka magotini. Kuita ibaki ileile ya kwetu. Kusimama, mikono miwili juu kabisa, imepishana, na ikishapaa hiyo hakuna kinachosogea mpaka ishuke. Anayetoa ishara awe mmoja tu, ili dereva asitazame watu wawili. Wakabishana awe nani. Kila aliyetajwa mwenzake alimkataa. Maganga ndiye aliyesema, "Huyu mpishi. Yeye ndiye aliyeona." Meneja akaitikia kwa kichwa, na mimi nikacheka nikisema, "Na ugali je?" Ugali ulichelewa mwaka mzima. Nilichana gunia jeupe la unga, nikajifunga vitambaa vyake mikononi ili nionekane kwenye vumbi.

Siku ya kwanza tulianza na banda kubwa. Nilisimama pembeni, mahali ambapo Maganga ananiona uso wote, na wanaume wote wakasogea nyuma walivyoelekezwa. Akaja na marobota usawa wa goti, taratibu, akasimama sawa. Nikainua ngumi, na uma ukapanda, ukapita kichwa changu, ukapita mlango, ukafika juu ya rundo. Nilikuwa karibu kumwambia asogee mbele ndipo nikamwona Bwana Miluzi. Alikuwa ameingia kwa upande wa pili, kofia mpya kichwani, ametumbukiza mkono kwenye robota la chini kupima kama nyasi bado zina unyevu, akipiga mluzi wake mwenyewe. Mzigo wote ulikuwa juu yake. Nikapaza mikono miwili, nikaipishanisha. Trekta likakaa palepale. Injini ikawa inanguruma tu, na watu wote wakageuka kunitazama.

"Bwana," nikasema kwa sauti yangu yote, "toka chini hapo!"

Sikusema tafadhali. Wala sikukumbuka kwamba sikusema. Akainua macho, akayaona marobota juu ya kofia yake, akanitazama mimi, mpishi wake. Kisha akautoa mkono kwenye nyasi, akatoka, akaenda kusimama nyuma pamoja na wengine, kando ya Petro mchota maji. Nilikuwa na miaka ishirini, na hakuna kitu kilichowahi kusimama duniani kwa sababu mimi nimesema kisimame. Furaha ilinijaa kifuani mpaka nikasahau kushusha mikono, na Maganga, kwa vile hakuna aliyemwambia vinginevyo, akakaa kwenye kiti chake, macho kwangu, akasubiri.